Mifuko Mitatu ya Maharage

Kwako Dada yangu mpenzi,

Nakutumia salamu za asubuhi na za jioni kwa pamoja, uchague zinazofaa kwa saa utakayoifungua barua hii. Hujambo? Shemeji hajambo? Wanangu watatu hawajambo, na yule wa mwisho ameacha kula sabuni? Na cherehani je, ule mkanda uliokuwa unakatika kila ukipata kazi ya haraka umepata dawa? Mimi ni mzima wa afya. Nimenenepa hata mashavuni, na ukiniona utasema ndoa ni mbolea.

Utajiuliza kwa nini nakuandikia wakati simu ipo. Dada, simu yako ina masikio mengi. Ukipokea unaweka sauti ya juu kwa sababu mikono iko kwenye kitambaa, basi mteja anasikia, shemeji anasikia, na watoto wanadakia. Haya ninayotaka kukueleza ni yako peke yako. Nimefanya jambo. Nimekivurugia kijiji kizima uamuzi wao, na nusura nimharibie mume wangu kazi, na yote niliyafanya kwa mapenzi. Usikimbilie ukurasa wa mwisho, nakujua. Kaa kitako nikueleze taratibu.

Kwanza nikwambie habari za mume wangu, maana nisipomtaja nitapasuka. Leo ni siku ya themanini na tatu tangu tuoane, na bado nikiamka naitazama pete kama mtu aliyeiokota njiani. Mume wangu anakunja mikono ya shati mara tatu, si mbili, si nne. Akitaka kucheka anafunga jicho moja kwanza, kama anayelenga shabaha. Akirudi safari anavua viatu mlangoni, anaviweka vikitazamana na vyangu, anasema tuviache vipeane habari. Mwezi uliopita alinishonea kifungo cha blauzi. Yeye mwenyewe, na sindano, na uzi ameulowesha kwa ulimi! Nilisimama pale nikijifanya natafuta chumvi, huku machozi yananilengalenga kwa furaha. Utampata wapi mwanaume wa namna hiyo? Mimi nimempata, na simpi mtu.

Tunakaa kwenye nyumba ya kazi, nyuma ya ofisi za halmashauri. Vyumba viwili, sakafu ya saruji, bati jipya, na dirisha linaloangalia uwanja wanakoegesha magari. Nimefuma vitambaa vya viti vyote. Viti ni vinne. Wanaokaa, siku nyingi, ni mimi.

Maana kazi yake, Dada, ni ya kulala nje. Yeye ni afisa mipango, na amepewa vijiji tisa. Haendi na mpango mfukoni kama wale waliokuwa wanakuja zamani na karatasi zao, wanasoma, wanapigiwa makofi, wanaondoka. Yeye anakwenda mikono mitupu, anauliza. Anawaambia watu wachore kijiji chao wenyewe hapo chini kwenye vumbi: jivu ni mto, majani ni mashamba, vijiti ni njia. Anasema ukiwapa wanaume peke yao, wanachora barabara pana kama uwanja, na kisima wanakisahau mpaka uwakumbushe. Ukiwapa wanawake, kila kitu kinaanzia kwenye maji. Halafu wanapanga mawe ya miezi ya njaa, wanachora mstari wa mahali mafuriko yalipofika mara ya mwisho, na wanaulizana: yakija tena tutafanyaje? Wanakijiji wanamwita Bwana Mipango. Mimi nikilisikia jina hilo natembea kama mke wa waziri.

Na mimi nina sehemu yangu katika kazi hiyo. Unakumbuka mwandiko wangu ulivyosifiwa shuleni? Basi shemeji yako akirudi na daftari lake lililojaa tope, mimi ndiye ninayenakili yote kwenye karatasi kubwa, kwa wino na rula, ili yapelekwe halmashauri yakiwa safi. Ndivyo ninavyokaa naye akiwa hayupo. Naufuata mwandiko wake mstari kwa mstari, na pale penseli ilipokatika najua alikuwa na haraka.

Kuna ukurasa mmoja ulinikaa moyoni. Waliandika orodha ya nani atambeba nani maji yakija. Bibi fulani asiyeona, wabebaji wake wawili, majina yao haya. Mgonjwa fulani wa miguu, wabebaji wake hawa. Mzazi mchanga, huyu na huyu. Hakuna aliyeachwa. Nilipomaliza kunakili niliweka kalamu chini, nikajiuliza: huku niliko, maji yakija leo, nani ameandikiwa jina langu? Mke wa mhasibu hapa jirani ananisalimia vizuri, lakini hajui hata kama nimelala au nimeamka. Ofisini wananijua kama "yule wa nyumba ya nyuma". Siku tano katika wiki sauti ninayoisikia zaidi ni ya bati likipata joto. Stempu nanunua mojamoja, Dada, si kwa sababu ya umaskini. Ni ili nipate sababu ya kwenda posta kesho tena.

Sasa tuje kwenye kijiji chenyewe. Kiko ng'ambo ya mto, na ukisimama kwenye kilima nyuma ya ofisi unaliona bati la shule yao likimetameta. Ni karibu kwa macho. Kwa miguu ni mbali, kwa sababu daraja liko juu kabisa, na gari linazunguka karibu nusu siku. Kwa hiyo mume wangu akienda huko halali nyumbani. Nilikuwa napanda kilimani jioni na kulitazama lile bati. Nilikuwa nasema, yuko pale, chini ya kile kinachong'aa, na mimi niko hapa nimeshika kiuno.

Baada ya wiki nyingi za kuchora na kubishana, kijiji kilibaki na mambo matatu. La kwanza, kisima kirefu cha pampu upande wa juu, mahali mafuriko hayafiki, kwa sababu visima vyao vya bondeni vikifurikiwa vinaoza. La pili, daraja la miguu juu ya mto. La tatu, ghala la mbegu lililoinuliwa juu ya nguzo. Halmashauri imewaambia watajenga moja kwanza, mengine yasubiri miaka ijayo. Kwa hiyo ikabidi wachague.

Mume wangu hapendi kura ya kunyoosha mikono. Anasema mwenyekiti akinyoosha, mikono yote inamfuata kama kuku wanaofuata pumba, na mke hawezi kunyoosha tofauti huku mumewe anamkazia macho. Kwa hiyo wanasimamisha mkeka, nyuma yake wanaweka mifuko mitatu, na kila mtu mzima anaingia peke yake akiwa na kizibo kimoja cha soda. Anakitia anapotaka, anatoka, hakuna anayejua. Vizibo hivyo tulivikusanya pamoja wiki ya kwanza ya ndoa yetu, tukavitia kwenye kopo.

Sasa siku hiyo ya kura, kopo hakuondoka nalo. Mimi nilikuwa nimelisafishia mahali, nikalisukuma chini ya kitanda nyuma ya sanduku, na yeye akaondoka kwa haraka akijua liko kwenye kikapu. Alipofika huko hana kitu. Wakasema basi, tutatumia maharage. Mke wa mwenyekiti akatoa ya mbegu, yale mekundu yenye madoa meupe, kila mtu punje moja. Wakapiga watu mia nne na kumi na wawili, karani wa kijiji akiwaandika. Mfuko mwekundu daraja, mfuko wa buluu pampu, mfuko mweupe ghala. Kabla hawajahesabu, mvua ikapiga kama imelipwa. Wakaifunga mifuko kwa kamba ya katani mbele ya watu wote, wakamwambia Bwana Mipango aondoke nayo, kwa sababu yeye hana upande, na aje kuhesabu mbele yao Jumatano inayofuata.

Mimi haya yote sikuyajua. Alirudi Ijumaa amelowa mpaka kwenye soksi, akaweka kikapu jikoni, akanywa chai, akalala kama gogo. Alfajiri mkuu wake akamwita kwenye kikao cha siku mbili, akaondoka tena. Nilikaa peke yangu Jumamosi nzima, na Jumapili nikasema leo anarudi mchana, nitampikia kitu kitakachomfanya asahau vikao vyote. Nikafungua kikapu. Nikakuta papai moja, mayai sita, na vifuko vitatu vya kitambaa, kila kimoja na maharage kidogo tu.

Dada, wale watu wanampenda, kila mara wanamtuma na kitu. Nikajua ni zawadi za nyumba tatu. Nilicheka peke yangu kwa jinsi maharage yalivyokuwa machache. Yote kwa pamoja hayakuzidi kikombe kimoja. Nikasema kutoa ni moyo, usambe ni utajiri. Nikayachanganya, nikayachagua mawe, nikayaosha, nikayapika kwa kitunguu na nyanya mpaka yakalainika vizuri. Vifuko nikavifua kwa sabuni ya unga na kuvianika nyuma ya nyumba, ili nivirudishe na shukrani.

Akaja. Akala. Akasema tangu azaliwe hajaonja maharage kama hayo. Akapangusa sahani kwa kidole, mume wangu msomi! Mimi nimekaa naye nikimwangalia, nimejaa furaha mpaka koo. Na hapohapo, huku anajilamba, akaanza kunisimulia kura ilivyokuwa. Akaniambia jinsi kopo lilivyosahaulika, jinsi walivyotumia maharage, jinsi mkunga wa kijiji alivyoingia nyuma ya mkeka akakaa muda mrefu mpaka wanaume wakamtania kwamba amejifungulia humo. Akamaliza kwa kusema, "Ile mifuko ihifadhi vizuri, mke wangu. Hiyo ni kauli ya watu mia nne."

Nilikuwa na kijiko mdomoni. Nikameza.

Najua utasema hapo ndipo nilipopaswa kusema. Alikuwa amekuja baada ya siku nyingi, amekaa karibu yangu, amenisifu. Tungekuwa na jioni moja tu. Nikasema moyoni, nikimwambia sasa, jioni hii itakuwa ya kura, haitakuwa yangu. Nikaitika kwamba mifuko iko salama, nikatoka nje, nikaianua kwenye kamba ikiwa bado na unyevu.

Jumatatu asubuhi alipokwenda ofisini nilikwenda sokoni. Nikachagua mekundu yenye madoa, punje kwa punje, mpaka muuza nafaka akaniuliza, "Bibi harusi, unachagua maharage au mchumba?" Nikarudi, nikahesabu mia nne na kumi na mawili juu ya kitanda, nikayagawa kwenye mifuko mitatu, nikafunga kwa katani.

Jumatano akaniambia twende wote, nikaone anavyofanya kazi. Dada, nilikuwa nimeomba safari hiyo tangu tuoane! Nilikaa kwenye gari kama mtu anayepelekwa kwa hakimu. Tulifika, watu wamejaa uwanja wa shule, madawati nje, mke wa mwenyekiti akanipokea kwa mikono miwili. Alipoitazama mifuko akasema, "Naona hata mifuko yetu imeoga," na watu wakacheka, na mimi nikacheka zaidi ya wote.

Karani akahesabu kwa sauti. Ghala, sabini na mbili. Pampu, mia moja na ishirini na moja. Daraja, mia mbili na kumi na tisa.

Kuna wazee wawili waliopiga makofi, na mama mmoja wa upande wa mtoni, ambaye wanawe wanavuka kwa kamba kuja shule ya sekondari ya upande wetu, alikaa chini akajifunika uso kwa kanga akalia kwa furaha. Wengine kimya. Halafu wanaume wakaanza utani wao. Mmoja akasema kumbe wake zetu wamechoka na sisi, wanataka njia ya mkato ya kwenda sokoni. Wanawake walikuwa wanatazamana. Baadaye ndipo nilipoelewa: walikuwa wamekubaliana kisimani, karibu wote, kwamba watatia pampu. Na kwa kuwa kura ilikuwa ya siri, kila mmoja alikuwa anamtazama mwenzake akiwaza, ni wewe uliyetugeuka. Niliwaona wawili waliokuja wameshikana mikono wakiondoka kila mmoja na njia yake. Hakuna aliyemshuku Bwana Mipango hata kwa sekunde moja.

Mkunga alisimama. Ni mwanamke mfupi, sauti nzito, hana haraka. Akasema yeye hana la kusema. Walitaka siri, siri imesema, wameze. Lakini akawaambia wanawake kikulacho ki nguoni mwako, na wengine wakainamisha vichwa utadhani wamefanya wao. Kisha akanichukua mimi, mgeni, akanipeleka kwake nikapumzike. Akanionyesha chumba anachozalishia, kitanda kimoja, ndoo mbili zilizofunikwa. Akanieleza kwamba baada ya mafuriko yaliyopita aliwapokea watoto saba kwa maji aliyoyachuja kwa kanga yake na kuyachemsha mara mbili, na wanne kati yao hawakumaliza mwezi. Hakulia aliponiambia. Alikuwa ananimiminia maji ya kunywa, akaniambia nisiogope, hayo ameyachemsha. Nikanywa, Dada.

Sasa nakuja kwenye lile ambalo hata mume wangu sikumwambia nilipoanza kukiri, nikajaribu kulificha chini ya maharage.

Nilipokaa juu ya kitanda na zile punje mia nne na kumi na mbili, sikukisia. Ningeweza kufumba macho na kugawa ovyo, ingekuwa dhambi ya uoga tu. Mimi nilijua ninachofanya. Nilijua daraja likijengwa, kutoka kijijini mpaka hapa ni saa moja kwa baiskeli. Nilijua atakuwa anarudi kila jioni. Nikatia mfuko mwekundu konzi baada ya konzi, na kila konzi niliiona baiskeli yake ikiingia uwanjani. Kijiji kilikuwa kimepiga kura yake, na mimi nikampigia kura mume wangu arudi nyumbani.

Nilikaa na jambo hilo siku tisa. Alikuwa kwenye vijiji vingine, na mimi niliachiwa kazi ya kunakili mpango, upelekwe Jumatatu. Kila nikifika kwenye mstari wa "jambo la kwanza" mkono ulikataa. Niliharibu karatasi nne kubwa. Ijumaa aliporudi, kabla hajavua viatu, nilimwambia nimepika kura. Akanitazama, akafunga jicho moja, akaanza kucheka. Alicheka mpaka akashika ukuta, akasema kumbe ndiyo maana yalikuwa matamu. Nami nikafurahi, nikadhani nimevuka. Halafu akaniuliza, huku bado anafuta machozi, kwamba yale mapya niliyagawaje.

Nikaanza kunyoosha kitambaa cha kiti kilichokwisha nyooka, na yeye si mjinga. Nikamwambia yote. Kicheko kikaisha, Dada, kama mtu aliyezima taa. Hakunipigia kelele. Ningependa angepiga. Alikaa kwenye kiti cha nne, kile cha mbali, ambacho hakuna anayekikalia, akaniuliza swali moja: mbona kila akinipigia nasema niko salama, sina shida? Na wewe pia, Dada, ungeniuliza hivyohivyo. Barua zangu tatu nilizokuandikia zimejaa pete na vifungo na mapenzi. Hayo ni kweli, naapa, ninampenda mpaka naumwa. Lakini sikukuandikia kwamba ninaishi na mapenzi hayo peke yangu chumbani kama mtu aliyepewa zawadi akakosa wa kumwonyesha. Niliona aibu. Bibi harusi analalamikaje?

Jumatatu alikwenda kwa mkuu wake kuomba mpango uchelewe, akajitwika lawama kwamba mifuko ilikuwa mikononi mwake. Alipewa barua ya onyo. Aliniomba niisome, nikaisoma. Kisha akaniambia kura itarudiwa Alhamisi, na kwamba hapo mbele ya watu hatanisemea.

Basi nikasimama, mimi ambaye shuleni nilikuwa natetemeka kusoma shairi. Niliwaambia nilipika kura zao, na kwamba nilizogawa badala yake niliziweka upande wa daraja kwa sababu nilitaka mume wangu arudi nyumbani jioni. Nikawaambia wanawake hakuna aliyemgeuka mwenzake. Nikasema nimekosa. Halafu mkunga akageuka polepole akamtazama mume wangu toka juu hadi chini, akauliza, "Kwa hiyo Bwana Mipango, kisima chetu umekula wewe?"

Uwanja mzima ulilipuka. Mwenyekiti alishika mbavu. Mwingine akasema ndiyo maana amenawiri, mwingine akasema tumpasue tupate pampu. Mkunga akangoja watulie, akasema sasa watapiga kura kwa kitu kisicholiwa, na watahesabu hapohapo hata inyeshe mvua ya mawe. Wakapiga kwa vizibo. Pampu ilipata mia mbili na sitini na nane. Wanawake walishangilia, na wale wawili niliowaona wakiachana waligongana vifua kwa kukumbatiana.

Lakini si wote waliocheka, na hili nakwambia ili usidhani nimesamehewa kama kwenye hadithi. Yule mama wa mtoni, aliyekuwa amefurahi kwa wiki mbili kwamba wanawe hawatavuka tena kwa kamba, alikunja mkeka wake akaondoka bila kuniangalia. Daraja limeandikwa mwaka wa tatu. Nilimfuata hatua chache, nikarudi. Mkunga alinipa mkono wakati wa kuaga, akaushika akasema kosa langu amelielewa, ila mara nyingine nikiwa mpweke niseme, nisipike.

Mpango nimeunakili jana, karatasi moja, bila kufuta popote. Shemeji yako ameondoka tena, yuko hukohuko ng'ambo, anaanza na watu kupima mahali pa kuchimba. Atalala huko siku tano kama kawaida. Tangu siku ile ananisemesha kwa upole, lakini ni upole wa mtu anayebeba kitu kilichopata ufa.

Leo adhuhuri alipiga simu kutoka juu ya kilima chao, ndiko mtandao unakopatikana. Akaniuliza hujambo. Neno lilikuwa tayari mdomoni, lile la kila siku. Nikalirudisha. Nikamwambia, "Mume wangu, nina upweke." Simu ikanyamaza. Sikujua kama mtandao umekatika au ni yeye. Niliishika mpaka ikapata joto mkononi, nikaiweka mezani, nikaanza kukuandikia wewe barua hii.

Nilipofika kwenye habari za mkunga ikalia tena. Alikuwa anahema, amepanda kilima mara ya pili. Hakunisalimu. Alisema, "Mtandao ulikata. Sema tena." Nikasema tena, na safari hii nikaendelea, nikamweleza habari za stempu, na bati, na ile orodha ya wabebaji, yote, mpaka salio likaisha.

Dada, usimwambie Mama, atachukua basi la kwanza. Msalimie sana shemeji, na watoto uwabane mashavu kwa niaba yangu, yule wa sabuni mara mbili. Yule mteja wako uliyeniandikia kwamba anataka magauni ya njano nampa pole kwa rangi aliyoichagua. Ukipata nafasi uniandikie, hata mistari miwili, hata kama ni ya kunigombeza. Nitakwenda posta kila siku kuuliza. Nakuacha mikononi mwa Mungu, nawe uniombee.

Ni mimi mdogo wako akupendaye, mke wa mtu,

Chiriku wako.